Kichuguu cha Uwanja Namba Saba

Mume wangu bado yuko angani. Hivyo ndivyo inavyosema serikali ya nchi yetu, na mimi ni nani hata nibishane nayo? Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Sanda yake niliiona ikipita, na udongo ulivyokuwa ukimwagwa niliusikia kwa masikio yangu, lakini mambo ya anga yana wataalamu wake.

Nchi yenyewe siitaji jina. Anayeijua ataijua, na asiyeijua amshukuru Mungu.

Mambo yalianza pale wakubwa wa anga wa dunia walipotuma waraka. Walisema kila ndege ya abiria, kabla haijapaa, lazima iandike kwenye karatasi zake mahali pengine pa kutua, ikitokea kule inakokwenda hakutuliki. Mvua, moshi, lolote. Ni jambo la busara. Hata mimi nikienda kwa mkwe wangu, huwa najua kabisa kwamba nikikuta mto umejaa nitalala kwa nani.

Basi Wizara ikaunda Idara ya Viwanja vya Akiba. Idara ikapewa jengo la ghorofa nne, na ndani ya juma moja viwanja kumi na kimoja vikawa vimekamilika. Vilikamilika kwenye ramani. Kila kimoja kilichorewa njia ya kutulia iliyonyooka kwa rula, gari la zimamoto, zahanati, na mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unaelekea wapi. Uwanja Namba Saba ulichorwa juu ya kijiji chetu cha Chilambwe, pale tulipokuwa tunalisha mbuzi.

Huku chini tunakokanyaga, Namba Saba ulipata vitu vitatu: kibao, utepe na mume wangu.

Kibao kiliandikwa UWANJA WA DHARURA NAMBA SABA, na chini yake kwa herufi ndogo, HAUJAZINDULIWA. Utepe ulifungwa kwenye nguzo mbili mwanzo wa uwanja, ukimsubiri mgeni rasmi aje aukate. Alisubiriwa miaka sita. Jua liliula utepe ule mpaka ukawa mweupe kama uzi wa sanda, na kila ulipokatika mume wangu aliuunga kwa kipande cha kanga yangu. Mgeni rasmi akija, alisema, asije akakosa cha kukata.

Mume wangu, Shomari Ng'ande, mimi namwita Baba Salha, aliteuliwa mtunzaji. Kila alipomaliza kuswali alfajiri alishika fimbo yake akaupima uwanja kwa hatua, kutoka kwenye kibao mpaka kule mwisho kwenye majani marefu. Na kila siku, kwenye hatua ya mia nne na kumi na mbili, alikutana na kichuguu.

Kilikuwa kichuguu hasa. Kirefu kumzidi mtu, kigumu, mchwa wake ni wa tangu enzi za babu zetu. Kilikuwa katikati kabisa ya njia ambayo ndege ingepaswa kupita. Mume wangu hakuwa na trekta wala baruti. Alikuwa na kalamu. Akaandika barua.

Alisubiri mwaka mzima. Jibu likaja, lina mihuri miwili. Akanisomea tukiwa jikoni.

"Barua yako imepokelewa. Idara imerejea kwenye ramani na kujiridhisha kuwa kichuguu unachokitaja hakipo. Unaagizwa kuacha kukiona mara moja."

Akaikunja barua.

"Mama Salha," akasema, "leo nimeagizwa nisikione."

"Basi ukipita pale zunguka," nikamwambia. "Usije ukajikwaa kwenye kitu kisichokuwepo."

Alicheka. Lakini kilikuwa kicheko cha puani, kile cha mtu anayejua kitu. Kesho yake akaandika barua ya pili. Mpaka mwaka wa sita zilikuwa zimefika kumi na nane, zote za heshima, zote zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu," na zote zinaomba jambo lile lile moja.

*

Mwaka wa sita Idara ikatangaza Tuzo ya Uwanja Bora wa Akiba, na ikawa yetu. Baba Salha akaitwa mji mkuu. Nilimpigia pasi kanzu na koti, nikamfungia mkate wa kumimina. Mfukoni alitia barua ya kumi na tisa.

"Hii nitampa Mkurugenzi mkononi," aliniambia. "Mtu akikupa kitu mkononi huwezi kusema hukukiona."

Yaliyotokea huko nayajua kwa sababu alinisimulia kwa simu. Mkurugenzi Domisian Kwilasa alisimama kwenye jukwaa lenye maua ya plastiki, akafuta jasho kwa kitambaa, akahutubia.

"Mabibi na mabwana! Ziko nchi ambazo viwanja vyake vinatumika hovyo hovyo. Matokeo yake ni nini? Ajali! Lakini Namba Saba, mabibi na mabwana, kwa miaka sita mfululizo haujapata ajali hata moja! Haujapata ucheleweshaji hata mmoja! Hakuna abiria aliyewahi kupoteza begi Namba Saba! Nawaulizeni, ni uwanja gani duniani unaoweza kusema hivyo?"

Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Mume wangu akapewa cheti chenye fremu, naye akatoa barua yake, akampa Mkurugenzi mkononi. Mkurugenzi akaiinua juu hewani.

"Mnaona? Mzee wetu ameleta barua ya shukrani! Makofi kwake!"

Wakampigia makofi tena. Barua ikatiwa kwenye bahasha ya kumbukumbu za sherehe.

"Sasa sikiliza, Mama Salha," akaniambia kwenye simu. "Wamesema kwa heshima ya tuzo nirudi kwa ndege mpaka mkoani. Kesho Jumatano. Mimi, kwenye ndege!"

"Mwenyezi Mungu akulinde. Utaogopa?"

"Siogopi kupaa. Nimeuliza pale ofisini, safari hii uwanja wake wa akiba ni upi. Wameniambia ni Namba Saba."

Akacheka kile kicheko chake cha puani.

*

Jumatano hiyo uwanja wa mkoa ulifungwa. Mvua haikunyesha, wala ukungu haukuwepo. Ijumaa yake alitarajiwa kiongozi mkubwa, kwa hiyo watoto elfu moja wa shule walikuwa wamepangwa juu ya njia ya kurukia ndege, wakifanya mazoezi ya halaiki. Walikuwa wanaunda kwa miili yao maneno KARIBU UTUE. Ndege ya mume wangu ilipoomba kutua, iliambiwa isubiri maneno yakamilike. Watoto wa herufi ya mwisho walikuwa hawajaletwa.

Ndege ikazunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Halafu ikafanya kama karatasi zake zilivyosema. Ikaja kwetu.

Sisi wanawake tulikuwa tunapepeta mpunga. Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa ndogo, ya watu kumi na wanne, ikapita juu yetu, chini sana, nikaona madirisha. Mwilini mwangu nikajua. Nikauliza kwa sauti, "Leo siku gani?" na wenzangu wakajibu Jumatano, nami nikawa nimeshaanza kukimbia.

Nilichokuwa nakiwaza ni kimoja tu, kichuguu. Rangi ya kichuguu ni rangi ya uwanja. Mtu aliye juu, na ramani mkononi isiyokionyesha, atakionaje? Nikavua kanga yangu ya juu, nyekundu, nikaitupia kichuguuni. Wenzangu wawili wakafanya vivyo hivyo. Kanga tatu nyekundu, zinaonekana kutoka mbali.

Hapo ndipo akatokea Bwana Kiboga. Huyu alikuwa Afisa Itifaki wa Idara, anakuja Chilambwe kila juma kukagua utepe. Si mtu mbaya. Ana mke na anaumwa vidonda vya tumbo, na kitu anachokiogopa duniani ni sahihi yake kuonekana mahali isipotakiwa.

"Mama Salha! Nani ameruhusu mapambo?"

"Si mapambo, Bwana Kiboga! Ni ili rubani aone!"

"Mapambo yoyote ya uwanja yanahitaji kibali! Na yule hawezi kutua hapa, hapajazinduliwa! Utepe uko pale pale, tazama mwenyewe!"

Akaanza kupunga mikono juu hewani, akiiambia ndege irudi. Ndege ikazunguka tena. Akatupa macho kwenye kanga, akatupa macho kwenye saa yake, na nadhani aliona Kwilasa usoni mwa saa ile, maana alikimbilia kichuguu akaanza kuzivuta. Nilimshika shati. Alikuwa na nguvu kunishinda. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Ya tatu, yangu, ilikuwa imenasa, na alikuwa bado anaivuta ndege ilipokata utepe.

Miaka sita ulisubiri mgeni rasmi.

*

Abiria waliokuwemo ni kumi na wawili, na rubani wa kumi na tatu. Waliopona ni kumi na mmoja. Waliofariki ni wawili waliokuwa mbele, rubani na Shomari Ng'ande. Mimi na Bwana Kiboga tulijitupa kando dakika ya mwisho, kanga imenyofoka mkononi mwake; kichuguu kilisagika chote. Palibaki udongo mwekundu uliotandazwa, na mchwa wanakimbia huku na huku hawajui waende wapi.

Bwana Kiboga alikaa chini akalia. Nilimwona na ninamshuhudia. Halafu akafuta uso, akasimama, akafanya kazi yake.

"Abiria wote mbaki ndani ya eneo," akatangaza. "Uwanja haujazinduliwa, kwa hiyo hauna mlango wa kutokea."

Wanakijiji wakawabeba majeruhi kwa vitanda, wakapita nao nyuma kwenye majani, pasipo na kibao, ili isionekane wametoka. Bwana Kiboga akageuka akatazama upande mwingine mpaka wakaisha kupita.

"Hawa wawili wabaki," akasema. "Tume itakuja kuwatazama. Hawana haraka."

Shehe wetu, Mbwana Chande, akamjibu polepole, "Maiti ndiye mwenye haraka kuliko sisi sote, Bwana Kiboga. Kama hatoki, basi atazikwa humu humu."

Wakamwosha mume wangu nyuma ya turubai, wakamswalia, wakamzika kabla ya alasiri, hatua saba kupita pale kilipokuwa kichuguu. Rubani hakuwa wa dini yetu. Ndugu zake walikuja kumchukua siku ya tatu, na kwenye karatasi ya barabarani waliandikiwa kuwa wamebeba viti vya ndege.

Mimi nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yangu, bila manukato wala mapambo, kama ilivyoamriwa.

*

Tangazo la redio nililisikia siku ya tano. Sauti ya mtangazaji ilikuwa tamu.

"Wizara inawatoa hofu wananchi. Ndege iliyoondoka Jumatano imechelewa kidogo. Zimeenea taarifa kuwa imetua Uwanja Namba Saba. Jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa uwanja huo haujazinduliwa. Na kwa kuwa ndege hiyo haikutua popote, ni dhahiri kuwa bado iko angani, na abiria wake wote wanaendelea vizuri. Wananchi wachape kazi."

Siku ile ile alasiri Bwana Kiboga akapiga hodi. Mwanamume si maharimu wangu, kwa hiyo akakaa barazani, nami nikakaa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mama Salha."

"Marahaba."

"Nimetumwa. Imeundwa Kamati ya Mapokezi. Wake za abiria mnatakiwa kila Jumatano uwanja wa mkoa, na maua, kumpokea kila mtu wake."

"Mimi niko eda, Bwana Kiboga. Sitoki."

Nikasikia anageuza karatasi.

"Hilo nalo limo humu. Wameandika, 'Mwanamke ambaye mumewe yuko safarini hana eda.' Unatakiwa uvue hizo nguo."

"Wewe ulikuwepo akizikwa."

"Nilikuwepo."

"Ulishika jeneza, upande wa miguu. Nilikuchungulia."

Kuku akapita.

"Mama Salha," akasema, "nikiandika kuwa nilishika jeneza, wataniuliza lilitoka wapi. Nikisema lilitoka uwanjani, wataniuliza nani aliruhusu ndege itue. Nina miaka miwili nistaafu."

"Sikuombi uandike makubwa. Andika kwamba Shomari Ng'ande amekufa. Basi. Mume wangu afe kama watu wengine wanavyokufa, nami nimlilie kama wanawake wengine wanavyolia. Sina jingine ninalolitaka kwenye serikali hii."

Aliacha maua barazani akaondoka. Yalikuwa ya plastiki, yale ya jukwaani.

*

Mwezi uliofuata nilipata mgeni, mwanamke mnene wa makamo, mkono umefungwa bendeji. Aliingia ndani moja kwa moja, akaketi mkekani.

"Shoga, mimi naitwa Sikudhani, mfanyabiashara wa vitenge. Mimi ni mmoja wa wale walioko angani."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya yote mawili, naye akanifuata.

"Usinione nacheka. Nimekwenda kwa mtendaji wa kata yetu kuchukua barua ya utambulisho, akanitazama, akatazama orodha yake, akaniambia, 'Mama, wewe njoo ukishatua.' Nikamwambia, nishike mkono basi, unihisi! Akakataa. Anasema hawezi kumshika abiria aliye safarini."

Alipotulia, akanisogelea.

"Nimekuja kwa ajili ya mumeo. Nilikaa nyuma yake. Ndege ilivyoanza kuinama yeye alitazama dirishani, akasema, 'Lo, Chilambwe.' Akasimama. Sote tunapiga kelele, yeye anatembea kwenda mbele kama anakwenda msikitini. Akamwambia rubani, 'Mwanangu, kwenye njia hii pana kichuguu.' Rubani akamwambia, 'Mzee kaa, ramani yangu haina kichuguu.' Mumeo akasema, 'Nimekiandikia barua kumi na tisa. Hatua mia nne na kumi na mbili, katikati. Vuta kushoto.' Rubani anauliza, 'Kiko wapi, sikioni!' Kisha mumeo akapaza sauti, 'Pale penye kanga! Ile nyekundu ni ya mke wangu!'"

Nilishika mkeka.

"Rubani akavuta kushoto. Kama si hivyo tungekipiga uso kwa uso sote. Sisi wa nyuma tumepona kwa ajili ya hiyo, shoga. Ile kanga."

Kanga moja aliiona. Zilikuwa tatu. Nimemwomba Mungu anisaidie nisiendelee na hesabu hiyo, na siku nyingine hunisaidia.

*

Nilikuwa nimemaliza miezi miwili na siku tisa za eda niliposikia trekta.

Wakubwa wa anga wa dunia walikuwa wametuma habari kuwa watakuja kukagua viwanja vya akiba kwa macho. Idara ikahaha. Wakapekua mafaili, wakafungua bahasha ya kumbukumbu za sherehe, na humo wakakuta barua ya shukrani. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita mtu akaisoma barua ya mume wangu mpaka mwisho.

Bwana Kiboga alisimama barazani, kofia mkononi. Alisoma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ombi la mtunzaji limekubaliwa. Kichuguu kilichopo katikati ya Uwanja Namba Saba kiondolewe leo, pasawazishwe, na taarifa itolewe kabla ya magharibi."

"Kichuguu hakipo tena," nikasema nyuma ya pazia.

"Kimebaki kitu kimoja kilichoinuka uwanja mzima, Mama Salha."

Nikaelewa. Trekta lilikuwa linanguruma kule nje.

Nilijifunika, nikamwomba Mola wangu radhi, nikatoka. Tulitembea mimi na yeye mpaka pale. Majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Nikaitandaza kanga yangu juu ya kaburi, ile ile nyekundu, ina tundu pale Bwana Kiboga alipoinyofoa. Nikakaa kando yake.

"Sasa andika unachokiona, Bwana Kiboga."

Alitoa daftari. Nilimwona anavyosumbuka, na kwa kweli nilimhurumia. Akiandika kaburi, kuna maiti. Kukiwa na maiti, kuna ndege iliyotua. Akiandika kichuguu, trekta lipite. Alisimama jua likamchoma, dereva akazima injini akasubiri.

Halafu akafunga daftari, akarudi mpaka kwenye kibao. Akaanza kupima kwa hatua, taratibu, midomo inahesabu, kama alivyokuwa akifanya Baba Salha kila alfajiri. Alipofika kwetu macho yake yalikuwa mekundu.

"Mia nne na kumi na tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Barua inasema mia nne na kumi na mbili." Akamgeukia dereva, akapandisha sauti ya kiofisi. "Ndugu dereva! Hiki si kichuguu kilichoombwa! Kilichoombwa kiko hatua saba nyuma, na nimethibitisha kuwa kimeshaondolewa. Kwa hiki hakuna kibali. Rudisha trekta!"

Dereva akauliza, "Sasa hiki je, mzee?"

"Hiki kitahitaji barua mpya. Kutoka kwa mtunzaji."

Trekta likaondoka. Bwana Kiboga akachuchumaa mbali kidogo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kifo sikukiweza, Mama Salha. Nisamehe. Lakini barua ikiandikwa, mpaka waijibu..."

Nilirudi ndani nikachukua kalamu ya mume wangu. Mwandiko wangu si mzuri, lakini maneno nilikuwa nayajua kwa moyo, nimeyasikia jikoni miaka sita. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kuondolewa kwa kichuguu kilichopo hatua ya mia nne na kumi na tisa kutoka kwenye kibao. Nikaomba kwa heshima zote, maana nimeiona nchi hii jinsi inavyokilinda kitu ukiiomba ikiondoe.

Chini nikaandika Shomari Ng'ande, Mtunzaji. Kwao bado yuko angani, na aliye angani anaweza kuandika.

Ilikuwa ya ishirini. Nikaikunja, nikampitishia Bwana Kiboga chini ya pazia, nikarudi kumalizia eda yangu.